Figo la Solange na Chumvi ya Mjomba

Mjomba Léonard amekwisha kufa. Alikufa kwa uzee, kitandani mwake kule Kambove, jioni moja baada ya kula na kushiba, na jambo hilo bado linaniudhi. Naanza hapo ili ninyi mnaosoma kwa sababu ya figo zenu, au za watoto wenu, mjue mapema kwamba mwanamke anayewasimulia hakupona akawa mtakatifu. Nilipona nikiwa na hasira, na kuna siku naamini hasira hiyo ilinisaidia kuliko vidonge.

Mimi ni Bernadette, muuza samaki wa Likasi. Samaki wangu hutoka mto Lufira, upande wa Koni, wengine wabichi, wengine wa kukaushwa kwa moshi. Solange ni mdogo wangu, mwalimu wa shule ya msingi, tumetoka tumbo moja. Figo lake ndilo linalofanya kazi ndani yangu wakati naandika. Amesoma maneno haya yote kabla yenu, naye ndiye aliyeniambia, "Andika, yaya, juu bengine basikunywe," yaani, andika, dada, ili wengine wasije wakanywa. Bila ruhusa yake ningenyamaza mpaka kaburini.

Ugonjwa ulianzia kwenye viatu. Mvua za kwanza zilipoanza, viatu vyangu vya kanisani vilikataa kuingia. Nikadhani ni uzee na unene. Asubuhi uso ulikuwa umejaa, jioni miguu, na nikibonyeza kidole juu ya mguu, shimo lilibaki. Halafu kinywa kikawa na ladha ya chuma. Nilipoteza kabisa hamu ya samaki, mimi niliyelelewa na samaki, na harufu ya meza yangu mwenyewe sokoni ikawa inanitapisha. Ngozi iliniwasha mpaka nikajikuna kwa kigunzi cha hindi. Msimu wa uyoga ulipofika, daktari alisema figo zote mbili zimechoka, na akanikataza uyoga, ndizi, maharagwe, na samaki pia asinizidie kipande kidogo. Niliona kama ananikataza Likasi nzima.

Tukaanza safari za Lubumbashi, kwenye mashine ya kusafisha damu. Placide, mume wangu, alinipeleka mara za kwanza, kisha ikawa zamu kwa zamu na Solange, maana watoto walihitaji mtu wa nyumbani. Chumba cha kungojea nakijua kuliko chumba changu cha kulala. Viti vya plastiki vilivyopasuka vilibana nyama ya paja. Kila mgonjwa alikuwa na kiti chake, na hakuna aliyekaa kwenye kiti cha mtu aliyekosa kuja, mpaka siku tatu nne zipite na tuelewe. Kulikuwa na mama mmoja kutoka Kipushi aliyekuja na kitambaa kilicholowa maji ndani ya mfuko wa nailoni. Sisi hatukuruhusiwa kunywa zaidi ya vijiko vichache, basi alikuwa akizungusha kitambaa chake, kila mmoja akajipangusa midomo. Sijui jina la ukoo wake. Kiti chake kilibaki kitupu wakati wa maembe.

Mashine ilinirudisha nyumbani nikiwa hai na mweupe mdomoni. Walinikata mkono wakaunganisha mishipa, na tangu hapo mkono wangu ulinguruma mfululizo, hata watoto waliogopa kuugusa. Nikawa najua siku ni ipi kwa uzito wa miguu. Siku baada ya mashine, nafuu. Siku ya pili, pumzi fupi. Siku ya tatu, nalala nimekaa.

Ndipo Solange aliposema atanipa figo moja.

Alilisema akiwa ananisugua mgongo kwenye beseni, kama mtu anayesema atanipitishia unga. Nilimwambia aache upuuzi. Akaendelea kusugua. Vipimo vya damu vikakubali, na daktari akasema upasuaji utafanyika Inde, nchi ya Wahindi. Namna tulivyopata njia ya kwenda ni habari ndefu, siiandiki hapa. Lakini kwanza ilitupasa kwenda Kambove.

Upande wetu, mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mkubwa wa ukoo huo ni mjomba. Yeye ndiye anayetoa neno kabla ya ndoa, kabla ya safari, kabla ya kisu. Mama yetu alikwisha fariki, kwa hiyo neno lilibaki kinywani mwa kaka yake, Léonard, mzee wa mgodini aliyestaafu, mwenye kifua kipana na sauti ya chini. Tulimkuta amekusanya jamaa. Nilikaa chini kwenye mkeka kwa shida, miguu imenyooka mbele yangu kama magogo.

"Bernadette," akasema, "muntu akifwa na figo zake, njo vile Mungu alipanga. Lakini ule anaomba figo ya mudogo yake, ule anataka kumukula. Unataka kumukula Solange kipande kipande?"

"Mujomba, ni banganga njo balisema."

"Banganga ya wapi? Mulozi haiko tu ule anaruka usiku. Mulozi ni ule anakula wa kwao."

Banganga kwetu ni madaktari pia, na mulozi ni mchawi. Alilitamka mbele ya shangazi, mbele ya binamu, mbele ya watoto waliokuwa wakinitazama miguu. Hakuna aliyemkatiza. Solange peke yake alisimama akasema, "Figo ni yangu, mujomba. Haiko ya ukoo." Mzee akamjibu kwamba damu ya dada yake haikatwi bila yeye, na kama tukienda, tutaenda bila baraka.

Neno lile lilitutangulia Likasi. Kabla ya mwisho wa juma, wanawake walipita mezani kwangu sokoni wakitazama upande mwingine. Mmoja, ambaye nilimkopesha samaki wakati wa matanga ya mumewe, alimvuta mtoto wake mkono nisimguse. Kanisani walituombea, ila waliniombea mimi nitubu. Placide aligombana na kaka zake mpaka akaacha kwenda kwao. Mimi nilikaa nyumbani na mkono wangu unaonguruma, nikaapa. Niliapa kupona. Nilitaka nirudi Kambove nimenenepa, Solange amenenepa kando yangu, nisimame mbele ya yule mzee atafute maneno ayakose. Watu husema wagonjwa hushikwa na matumaini. Mimi nilishikwa na kisasi, nacho kilinipandisha kwenye ndege.

Inde tulikaa kwenye chumba cha kupanga karibu na hospitali, Solange na mimi, tukipika uji na kabeji isiyo na chumvi. Hospitali ilitupa mkalimani, Madame Nabintu, mwanamke wa Bukavu aliyekuwa ameishi kule miaka mingi. Kiswahili chake na chetu vilikwaruzana kidogo, lakini alikuwa mtu wa kukushika bega kabla ya kukupa habari. Walitupima kila kitu. Jioni ya mwisho walinisafisha damu tena kwenye mashine, wakachukua vipimo, wakasema niko tayari, nisile wala nisinywe kitu.

Asubuhi, kabla machela hayajaja, Solange aliingia chumbani kwangu na kikombe.

"Yaya, kunywa."

"Ni nini?"

"Chumvi ya kwa ba mama. Mujomba njo alinipa. Amelegeza roho."

Niliijua hata kabla sijanusa. Katika ukoo wetu wanachoma maganda ya ndizi na mabua, wanachuja majivu kwa maji, wanachemsha maji yale mpaka inabaki chumvi ya kijivu. Wanawake wengi wa Likasi hulainishia majani na maharagwe kwa chumvi ya aina hiyo. Lakini ile inayotoka kwenye jiko la nyumba ya mama hutunzwa kwa mambo mazito. Ndugu waliogombana wakitaka kusafiri kwenda mahali pa hatari, mkubwa wa ukoo huwapa, na ugomvi unakwisha. Solange alikwenda Kambove kwa siri kuiomba, kabla hatujaondoka. Alikuwa ameificha kwenye begi lake safari yote.

Nikamwambia tumekatazwa kunywa. Akaketi kando ya kitanda, naye tayari amevaa lile gauni lao la kijani lililofunguka mgongoni, akanisogezea kikombe.

"Kama haukunywe, minye sitalala pa ile kitanda. Naogopa, yaya. Tutafwa shiye bote bila neno yake."

Alikuwa na ulimi wa kijivu, amekwisha kulamba sehemu yake. Nilitazama mikono iliyonisugua mgongo mwaka mzima. Nikasema moyoni, hiki si chakula, ni baraka, na hata kama ni ya mzee yule, ya mama imo ndani. Nikanywa yote. Ilikuwa chungu, ikanichoma koo. Solange akakiosha kikombe, machela yakaja, wakamchukua yeye kwanza.

Yaliyofuata niliambiwa. Walimfungua Solange, wakalitoa figo lake la kushoto, zuri, bila shida. Wakati huohuo, katika chumba cha pili, walinilaza usingizi, na moyo wangu ukaanza kupiga ovyo, ukaruka, ukataka kusimama. Wakaacha kunikata. Wakapigania moyo, wakaniunganisha tena na mashine ya damu pale pale. Figo la Solange lilikuwa limekwisha toka, halina mwili. Kulirudisha kwake haikuwezekana, kuliweka kwangu haikuwezekana. Likangoja. Lilingoja asubuhi yote na sehemu kubwa ya mchana.

Nilipoamka, mirija kila mahali, nilimwona Nabintu na barakoa usoni. Akanishika bega kwanza.

"Mama Bernadette, dada yako iko muzima. Na figo inafanya kazi. Tazama."

Akainua mfuko uliokuwa ukining'inia kitandani. Ulikuwa na mkojo. Nilikuwa sijauona mkojo wangu kwa muda mrefu, na huu ulikuwa wa manjano safi, unateremka tone kwa tone. Nililia kama mjinga. Muuguzi akaandika kitu, akanipangusa machozi kwa kiganja chake chenye glavu, akaendelea na kazi.

Kisha Nabintu akanieleza juu ya kungoja, na nikauliza swali la muuza samaki. Figo lilikaa wapi muda wote ule? Akasema kwenye bakuli, ndani ya maji ya dawa, juu ya barafu. Sikuamini. Mimi najua barafu. Samaki wa Lufira ukimweka kwenye barafu anachelewa kuharibika, lakini anaharibika, na uharibifu unaanzia ndani. Daktari mpasuaji alipokuja, nilimwambia Nabintu amuulize kwa nini figo la mdogo wangu halikuoza.

Alicheka, akavuta kiti. Sitajifanya nilielewa yote. Alisema nyama iliyokatiwa damu haifi mara moja. Inaendelea kuishi kwa akiba yake, na kwa kuishi hivyo inatengeneza uchachu, na uchachu huo ndio unaoiua. Barafu inapunguza mwendo tu. Ndiyo maana figo husafishwa kwa maji yaliyowekwa vitu kadhaa, na kikubwa kati yake, katika maji waliyotumia wao, kinaitwa histidini. Ni asidi amino, yaani kipande kimoja kidogo cha kile kinachojenga nyama, maharagwe na samaki. Histidini inakaa ndani ya figo inaunyonya uchachu jinsi unavyotoka, figo lisijichome lenyewe, mpaka damu irudi.

"Mu samaki iko?" nikauliza.

"Anasema iko," Nabintu akajibu. "Mu samaki iko mingi."

Ukoo mzima ulikuwa umesema mimi ni mlaji, na kumbe wakati kaka wa mama yangu ameketi Kambove, kitu kinachopatikana kwenye meza yangu sokoni ndicho kilichokaa na figo la Solange lisife. Niliyaita maji yale mjomba. Nilisema mjomba wangu wa kweli ni yale maji, na Nabintu akadhani ni dawa za usingizi zinazonisemesha.

Daktari hakuondoka. Akauliza nilikuwa nimemeza nini asubuhi ile, kwa sababu damu yangu ilikuwa imejaa potasiamu, yale madini ya kwenye ndizi na uyoga ambayo figo gonjwa haliwezi kuyatoa. Jioni iliyotangulia vipimo vilikuwa sawa. Nikamwambia. Nabintu alipotafsiri majivu ya ndizi, daktari alisimama, akageuka dirishani, akasema maneno ambayo Nabintu hakuyatafsiri. Baadaye daktari alinieleza kwa upole kwamba majivu yale ni potasiamu karibu tupu. Mgonjwa wa figo akiyanywa kikombe kizima, moyo unasimama.

Hapo nawasimamisha ninyi mnaongoja upasuaji. Kabla ya siku ile, msilambe, msinywe, msipakwe kitu cha mtu yeyote, hata cha mtu mnayempenda, bila daktari kukiona. Na kama mmekwisha meza, semeni kabla hamjalazwa. Aibu ya kusema ni ndogo.

Mimi sikuwaza ushauri wakati ule. Niliwaza kwamba Léonard alijua. Aliniita mchawi, na aliposhindwa kunizuia akatuma kikombe. Nikaamua kutomwambia Solange. Alikuwa wodi ya pili, anatembea ameinama, mkono ubavuni, na nilijua akisikia atalia, atampigia mzee simu, ataniomba nisamehe. Sikutaka kusamehe. Nilimwambia moyo wangu ulisumbua kwa uchovu. Miezi ya kupona nilimeza dawa za asubuhi na za jioni, zile zinazouzuia mwili usilifukuze figo la mtu. Uso ukawa wa mviringo, ndevu ndogo zikaota mashavuni, mikono ikatetemeka hata nikamwaga uji. Haikunisumbua. Nilikuwa natunga hotuba. Kila nilipotembea kwenye korido ile nililisahihisha neno moja.

Tulirudi Likasi wakati wa baridi, vumbi limeshika majani yote. Placide alinikumbatia kwa uangalifu kama mtu anayebeba mayai. Nikampa siku za kufurahi, kisha nikaita ukoo, uwanjani kwangu. Walikuja wote, na waliokuwa wakitazama upande mwingine sokoni walikuja kuchungulia. Mjomba Léonard aliletwa na pikipiki, amevaa koti, akapewa kiti cha mbele. Solange alikaa kwenye mkeka karibu na miguu yangu, anatabasamu, kwa sababu alidhani nimewaita kushukuru.

Nilisimama nikasema yote. Nilieleza juu ya kikombe, moyo, figo lililokaa nje ya mwili. Nikamnyooshea kidole.

"Ulinitumia sumu, mujomba. Uliniita mulozi, kumbe weye njo mulozi. Bantu bote basikie."

Mzee hakukasirika. Aliuliza kwa ile sauti yake ya chini.

"Kikombe ya nini? Chumvi ile haikunywiwake. Ni ya kulamba tu, pa ncha ya ulimi. Minye nilifunga kidogo mu karatasi, nikamwambia mutoto, mulambe bote bawili, ingine mutupe. Nani aliitia mu maji?"

Shangazi walikubali kwa vichwa. Ni kweli, hulambwa. Mimi mwenyewe nilijua hulambwa. Katika miezi yote ile ya kutunga hotuba sikujiuliza kwa nini ilikuja kwenye kikombe.

Solange alikuwa ameacha kutabasamu.

"Minye," akasema. "Nilitia yote ilibakia. Nilisema kidogo haitatosha, yaya alikuwa mugonjwa sana." Akanigeukia. "Njo ile ilisimamisha moyo? Yaya, ni minye?"

Mkono wake ulikwenda ubavuni, palipo na kovu. Watu wakaanza kunong'ona. Nilisikia binamu mmoja akisema kwamba basi aliyetaka kuua ni huyu, ametoa figo kwa mkono mmoja na sumu kwa mkono wa pili, na mwingine akaitikia. Najua neno kama lile linavyosafiri. Langu lilifika Likasi kutoka Kambove kabla sijafika mimi mwenyewe. Kwa Solange lingefika shuleni, lingefika kwa kila mama mwenye mtoto darasani mwake.

Mzee aliinua mkono, wakanyamaza.

"Bernadette," akasema, na nawaapia kulikuwa na utamu kinywani mwake. "Umeita ukoo. Umesema kuko sumu, kuko mulozi. Sasa sema, ni nani?"

Nilikuwa na hotuba nyingine tayari, kali kuliko ya kwanza, juu ya yale aliyonitamkia mbele ya watoto. Kila neno la hotuba hiyo lilikuwa kweli. Lakini kama kulikuwa na sumu, mkono ulikuwa wa Solange, na hakukuwa na njia ya kumfikia mzee bila kupita juu ya mdogo wangu.

"Hakuna mulozi," nikasema. "Haikuwa chumvi. Banganga njo balikosea dawa, minye nikatafuta wa kumuwekea kosa. Nimekusingizia, mujomba."

"Sikusikia vizuri," akasema.

Alinisikia. Nikashika mkono wa kiti, nikashuka taratibu mpaka magoti yakagusa vumbi. Figo la Solange likabanwa kidogo chini ya tumbo langu, upande wa kulia, nami nikalirudia lile neno, kwamba nimemsingizia, kwa sauti, likasikika mpaka barabarani, nikamwomba radhi.